Mobutu alivyotaifisha maduka, shule na hata Krismasi

Na Mwandishi Wetu, Brussels

Ukitoka kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Porte de Namur hapa Brussels, upande wa kwenda Matonge, utakutana na uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, baada ya miaka mingi ya madai ya Wakongo wanaoishi Ubelgiji. Hatua chache kutoka hapo yapo maduka ya samaki wakavu, sombe na vitenge, saluni za kusuka nywele, na baa ambako watu wetu hubishana siasa hadi usiku wa manane. Katika mabishano hayo hakosi mtu wa kusema kwamba enzi za Mobutu zilikuwa afadhali: nchi ilikuwa moja, kulikuwa na amani, na Mzaire aliheshimiwa popote alipokwenda. Wengi wa vijana wanaosema hivyo walizaliwa baada ya yeye kufa.

Mimi niliikimbia nchi yangu kwa sababu ya kazi hii ya uandishi wa habari, na huwa nawakumbusha vijana hao jambo ambalo wengi hawalijui. Mobutu naye alikuwa mwandishi wa habari, na aliwahi kuishi na kujifunza kazi hiyo katika mji huu huu. Ndiyo maana nimeona niandike habari za maisha yake. Sina haja ya kurudia orodha ya majumba na shampeni ambayo kila mtu anaijua. Nataka kueleza jinsi mtoto wa mpishi alivyoweza kuishikilia nchi kubwa kama Ulaya Magharibi kwa miaka 32 kwa kubana vitu viwili, yaani riziki ya watu na ibada yao, na jinsi kimoja kilivyomponyoka kwa sababu alikiharibu kingine.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, kando ya mto Kongo katika jimbo la Équateur, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa Mngbandi na mpishi wa Wazungu. Aliwapikia wamisionari, kisha jaji mmoja wa Kibelgiji, na akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane tu. Mke wa jaji alikuwa amempenda yule mtoto na kumfundisha Kifaransa kizuri, jambo lililokuwa nadra kwa mtoto mweusi wa wakati ule. Baada ya hapo alilelewa na mama yake, Marie-Madeleine Yemo, kwa kuhamahama kwa ndugu hadi akafika Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, akaingia shule ya misheni ya Kikatoliki.

Huko alijulikana kwa akili na kwa utundu. Alitoroka kwenda Léopoldville bila ruhusa, na aliporudi wamisionari walimfukuza. Adhabu ya kawaida ya siku zile kwa mwanafunzi wa aina hiyo ilikuwa kupelekwa jeshini kwa miaka saba, katika Force Publique. Sisemi kwamba hapo ndipo chuki yake dhidi ya mapadri ilipoanzia, maana wapo wengi waliofukuzwa shule za misheni na hawakuwa madikteta. Ninachosema ni kwamba aliijua misheni kutoka ndani. Aliona kuwa katika koloni lile kila mtu alipita mikononi mwa mapadri ili apate kusoma, kutibiwa, kuoa na kuzikwa.

Jeshini alifanywa karani, akafika cheo cha sajenti, akaanza kuandika makala. Mwaka 1956 aliacha jeshi na kuingia kwenye magazeti ya Léopoldville, L'Avenir na Actualités Africaines. Mwaka 1958 aliletwa Brussels kwa ajili ya yale Maonyesho makubwa ya Dunia yaliyotuachia Atomium pale Heysel, na mwaka uliofuata akarudi kwa mafunzo. Alikuwa tayari rafiki wa Lumumba, akawa mwakilishi wake katika mji huu. Wakati huo huo, kama wanahistoria wengi walivyoeleza, alikuwa akiwapa taarifa za wenzake watu wa usalama wa Ubelgiji. Ni hapa Brussels pia alipofahamiana na Larry Devlin, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya CIA mjini Léopoldville.

Mwezi Januari na Februari 1960 ulifanyika hapa mkutano wa Meza ya Duara uliokubali uhuru. Huo unakumbukwa na wengi. Mkutano wa pili, wa uchumi, uliofanyika miezi michache kabla ya uhuru, haukumbukwi sana. Viongozi wakubwa walikuwa wamerudi nyumbani kupiga kampeni, wakawaachia vijana kazi ya kukaa na mabenki na wataalamu wa Ubelgiji. Mobutu alikuwa miongoni mwa waliokaa upande wa chama cha Lumumba. Kilichofuata kinajulikana: siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, Ubelgiji iliivunja Kamati Maalumu ya Katanga, na Kongo ikapoteza nafasi ya kuwa na sauti kuu katika Union Minière, kampuni iliyochimba shaba yetu na kuongozwa kutoka Brussels. Tukapewa bendera, sanduku la fedha likabaki huku. Mobutu hakulisahau somo hilo, ila alilitumia kwa namna yake.

Yaliyofuata nitayapita haraka kwa kuwa yameandikwa sana. Jeshi liliasi Julai 1960, Mobutu akawa mkuu wa majeshi, na tarehe 14 Septemba akafanya mapinduzi ya kwanza kwa msaada wa Wamarekani. Lumumba alikamatwa na askari wake mwezi Desemba, akapelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Jino lake moja, lililokuwa limefichwa miaka mingi na polisi mmoja wa Kibelgiji, lilikabidhiwa kwa familia yake hapa Brussels tarehe 20 Juni 2022. Mobutu alichukua madaraka moja kwa moja tarehe 24 Novemba 1965, akaahidi kukaa miaka mitano.

Wananchi walichoka na vita, na makanisa yalichoka pia, maana mapadri na masista wengi walikuwa wameuawa katika maasi ya 1964. Kwa hiyo mwanzoni karibu kila mtu alishangilia. Walipokuja kushtuka ilikuwa Pentekoste ya mwaka 1966. Mawaziri wanne wa zamani walikamatwa kwa madai ya kula njama, wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi iliyomaliza kazi yake kwa muda mfupi mno, na tarehe 2 Juni wakanyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati wa watu wapatao 50,000. Walikuwa Évariste Kimba, aliyewahi kuwa waziri mkuu, Jérôme Anany, Alexandre Mahamba na Emmanuel Bamba. Huyu wa mwisho alikuwa waziri wa fedha wa zamani na mtu mkubwa katika Kanisa la Kimbangu. Kanisa lake halikuweza kufungua mdomo. Baadaye Mobutu alieleza mwenyewe bila haya kwamba alihitaji jambo la kutisha ili watu wamheshimu chifu. Uwanja wa michezo uliojengwa mahali pale leo unaitwa Uwanja wa Mashahidi.

Baada ya kuwatia watu hofu, alianza kukusanya mali. Juni 1966 sheria ya Bakajika ilisema ardhi yote na madini yote ni mali ya dola. Siku ya kwanza ya 1967 Union Minière ilitaifishwa, ikaja kuwa Gécamines. Juni mwaka huo sarafu mpya ya zaire ilianza kutumika, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Kimarekani. Tusimnyime haki yake: miaka ile ya mwanzo shaba ilikuwa na bei nzuri, mishahara ililipwa, barabara zilipitika, na wazee wanaoikumbuka kwa furaha hawasemi uongo. Mwezi Mei 1967 kilianzishwa chama, MPR, na kila Mzaire akawa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, na jumuiya za wanafunzi zikamezwa na vijana wa chama.

Palibaki mahali pamoja ambapo mtu aliweza kukutana na wenzake, kusoma gazeti na kusikia hotuba isiyoandikwa na chama, nako ni kanisani.

Mobutu hakuyapiga marufuku makanisa. Hapo ndipo alipowazidi ujanja madikteta wengine. Aliyapanga kama alivyoipanga migodi: yawe machache, makubwa, na kila moja liwe na mlango mmoja ambao yeye ndiye mwenye ufunguo. Waprotestanti, waliokuwa na misheni nyingi za kila aina, walisukumwa mwaka 1970 kuingia katika chombo kimoja, Kanisa la Kristo, chini ya Mchungaji Jean Bokeleale. Wakimbangu, ambao nabii wao Simon Kimbangu alifia gerezani Élisabethville mwaka 1951 baada ya kufungwa miaka 30 na Wabelgiji, walipewa heshima ya kuwa kanisa la taifa. Kiongozi wao Joseph Diangienda, mwana wa nabii, aliona afadhali ulinzi wa dola kuliko mateso ya zamani. Nani atamlaumu? Tarehe 31 Desemba 1971 ilitoka sheria iliyotambua makanisa matatu tu: Katoliki, hilo la Kiprotestanti na la Kimbangu. Baadaye kidogo Waislamu nao, ambao wengi wao ni watu wetu wa Maniema na Kisangani wanaozungumza Kiswahili, walipata kibali chini ya jumuiya moja, pamoja na Waorthodoksi na Wayahudi. Kikundi kingine kilichotaka kusajiliwa kilitakiwa kuweka benki amana kubwa ambayo waumini maskini wasingeipata. Mamia ya vikundi vya sala yakawa haramu kwa usiku mmoja. Ukitaka kumwabudu Mungu ilikubidi kwanza upate muhuri.

Aliyebaki ni Kanisa Katoliki, nalo lilikuwa kubwa kuliko dola yenyewe. Lilikuwa na shule, hospitali, chuo kikuu cha Lovanium, magazeti, na askofu mkuu wa Kinshasa, Kadinali Joseph-Albert Malula. Malula si mtu aliyependa ukoloni. Alikuwa akipigania ibada ya Kiafrika, yenye ngoma na lugha zetu, kabla Mobutu hajaanza kuvaa kofia ya chui. Lakini Juni 1970, katika ibada ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, mbele ya Mobutu na Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, alihubiri dhidi ya viongozi wanaopenda anasa na sifa. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kuangaliwa. Agosti 1971 Lovanium ilinyang'anywa Kanisa na kuunganishwa na vyuo vya Kisangani na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa. Oktoba nchi ikaitwa Zaire.

Januari 1972 ilikuja amri ya majina. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na kila raia akatakiwa kuacha jina la ubatizo. Padri atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha hadi miaka mitano. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilipothubutu kuuliza maana yake, lilifungiwa. Malula alifukuzwa katika nyumba yake, ambayo ilifanywa makao ya vijana wa chama, akakimbilia Roma na kukaa huko kwa miezi kadhaa hadi Vatikani ilipomtafutia njia ya kurudi. Chama kilidai pia matawi yake yafunguliwe ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, seminari zikafungwa, mwisho wakakubali.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya misheni huko Kivu, alikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa kwenye kitambulisho na orodha ya mishahara. La pili lilikuwa la nyumbani, na mama alilitaja kwa sauti ya chini mgeni akiwepo. Mimi nilizaliwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, na nilikuwa mkubwa kidogo nilipogundua kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Mambo kama haya hayaingii katika vitabu vya historia, lakini kila familia ya Kizaire ina hadithi yake ya namna hii.

Sasa turudi kwenye maduka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba makubwa, ujenzi na usafirishaji vilivyokuwa mikononi mwa wageni sasa ni vya Wazaire. Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wabelgiji, wote waliambiwa wakabidhi funguo. Takriban biashara 2,000 zilibadilisha wenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kuwa mwaka mmoja kabla yake, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na waliogawiwa maduka yao wakaitwa mafuta mingi. Kwetu waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, yaani waliojipatia, ila mafuta yalikuwa yale yale.

Mpango huu mara nyingi huelezwa kama kosa la kiuchumi. Kwa mchumi ni kosa kweli. Kwa mtawala ulikuwa na mantiki yake. Aliyegawa ni Mobutu, na waliogawiwa ni wakubwa wa chama, majenerali, magavana, mabalozi na ndugu zao. Hakuna aliyenunua kwa jasho lake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema duka ni lake. Lilikuwa lake mradi tu bado anapendwa na rais. Mfanyabiashara anayeweza kunyang'anywa kesho hawezi kumfadhili mpinzani leo. Mobutu mwenyewe alichukua mashamba ya mpira, kahawa, kakao na mawese, akayaunganisha katika kampuni yake iliyoitwa CELZA, akawa mmoja wa waajiri wakubwa nchini.

Wapya hao waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, wakanunua Mercedes, na rafu zikabaki tupu. Hawakujua wapi pa kuagiza mali wala namna ya kupata mkopo wa msambazaji, na wengine hawakutaka kujua. Lori lililokuwa likipeleka chumvi na sabuni vijijini na kurudi na mahindi lilisimama kwa kukosa spea. Mkulima aliyekosa pa kuuza akaacha kulima cha kuuza. Hayo yalianza kabla bei ya shaba haijaanguka.

Katikati ya uharibifu huo, rais aliyekuwa akipita kila mahali kwa shangwe alipanda ngazi nyingine. Tarehe 30 Oktoba 1974 aliwaleta Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa, kila mmoja kwa dola milioni tano. Taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa picha ya uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Mwaka huo huo 1974 Krismasi iliondolewa katika sikukuu za serikali. Desemba alirudi kutoka ziara ya China na Korea Kaskazini, na mwisho wa mwezi huo shule zote za madhehebu zilitaifishwa. Somo la dini lilifutwa, likawekwa somo la siasa ya chama. Misalaba na picha za Papa ziliagizwa ziondolewe katika majengo ya umma, ibaki picha moja tu. Waziri wake Engulu alifika mahali pa kutangaza kwamba Mungu huwatumia watu wake manabii, kwamba nabii wa Zaire ni Mobutu, na kwamba chama ndilo kanisa. Aliyeiongoza kazi hiyo yote ya kumtukuza rais alikuwa waziri wa habari, Sakombi Inongo.

Hapo ndipo mfuko na madhabahu vilipogongana. Mobutu alichukua maelfu ya shule katika miezi ile ile ambapo bei ya shaba ilikuwa ikiporomoka. Aprili 1974 ratili moja iliuzwa kwa zaidi ya dola moja na nusu robo, na mwanzoni mwa 1975 ilikuwa imefika chini ya senti 60. Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela iliyopeleka shaba yetu baharini. Serikali ikawa na shule zote za nchi na haina fedha ya chaki. Walimu walisubiri mishahara kwa miezi, orodha zikajaa majina ya walimu hewa, madawati yakauzwa kuwa kuni. Mapadri waliotolewa ofisini kwa dharau walikaa pembeni wakitazama.

Mwaka 1976 serikali ilikwenda Klabu ya Paris kuomba madeni yaahirishwe, na wenye maduka wa zamani wakaitwa warudi kuchukua sehemu ya mali zao. Wachache walirudi. Mei mwaka huo, katika hotuba uwanjani, Mobutu aliwaambia watumishi wake kwamba ukitaka kuiba, iba kidogo na kwa akili, maana ukiiba mpaka ukatajirika usiku mmoja utakamatwa. Watu walicheka. Na tarehe 26 Februari 1977, kwa mkataba wa maandishi, aliwarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu uendeshaji wa shule alizowanyang'anya miaka miwili tu nyuma. Hakutubu wala hakuombwa sana. Alifilisika.

Naiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko nyingi tunazozikumbuka. Kuanzia hapo, kadiri dola ilivyozidi kukauka, ndivyo shule, zahanati, hata barabara za vijijini na redio za mawasiliano zilivyozidi kurudi mikononi mwa parokia. Huwezi kumtisha sana mtu ambaye ndiye anayekufanyia kazi yako.

Alijaribu kuishi nao kwa njia nyingine. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 aliokolewa na majeshi ya kigeni, yakiwemo ya Ubelgiji na Ufaransa pale Kolwezi. Mwaka 1978 Shirika la Fedha Duniani lilimleta Mjerumani Erwin Blumenthal kuisimamia Benki ya Zaire. Aliondoka 1979, na katika ripoti yake ya 1982 aliwaonya wadai kuwa hawataziona tena fedha zao, kwa kuwa hapakuwa na mpaka kati ya hazina na mfuko wa rais. Wakubwa wa dunia waliisoma, wakaendelea kukopesha, kwani vita baridi vilikuwa na hesabu zake. Kwa maaskofu alitumia zawadi: magari, ujenzi, safari. Tarehe 1 Mei 1980 alifunga ndoa na Bobi Ladawa, siku moja kabla Papa Yohane Paulo wa Pili hajatua Kinshasa, ili apokee ugeni huo akiwa mume halali. Katika msongamano wa kuingia kwenye misa ya Papa tarehe 4 Mei watu tisa walikufa. Papa alirudi Agosti 1985 kumtangaza Mwenyeheri Sista Anuarite, aliyeuawa na waasi wa Simba mwaka 1964, na Mobutu alikuwa kiti cha mbele. Huko Gbadolite, kwenye asili ya ukoo wake, alijenga majumba ya marumaru, na uwanja wa ndege ambao Concorde iliweza kutua.

Mimi nilisoma shule ya msingi miaka hiyo. Tulipanga mstari asubuhi, tukaimba na kumchezea rais. Kisha tukaingia darasani ambako mwalimu wetu alikuwa ametoka shambani kwake, maana mshahara haukumtosha hata kununua gunia la mihogo.

Malula alifariki Leuven, mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa, tarehe 14 Juni 1989. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameiona Roma ikiidhinisha misa ya Kizaire aliyoitafuta maisha yake yote. Hakuiona 1990. Machi mwaka huo maaskofu walimwandikia Mobutu waraka wa kumweleza kwamba mfumo wake ndio uliooza, na tarehe 24 Aprili, akilengwa na machozi mbele ya kamera, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 11 Mei, wanafunzi wa Lubumbashi walivamiwa na kuuawa chuoni, na Ubelgiji ikakata misaada.

Katika Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulioanza Agosti 1991, wajumbe walikuja kumchagua Askofu Mkuu wa Kisangani, Laurent Monsengwo, kuuongoza. Hapakuwa na mtu mwingine ambaye pande zote zilimwamini: vyama vilikuwa vimenunuliwa, wafanyabiashara walikuwa watoto wa Mobutu. Januari 1992 mkutano ulifungwa kwa amri. Jumapili ya tarehe 16 Februari, baada ya misa, waumini wa Kinshasa walitoka makanisani na kuandamana wakiwa na mishumaa, rozari na matawi, wakidai ufunguliwe. Askari waliwafyatulia risasi na makumi ya watu walikufa. Mwezi Aprili mkutano ulifunguliwa. Miaka 20 baada ya kumfukuza Malula nyumbani kwake, Mobutu alirudishwa nyuma na watu waliotoka kwenye misa.

Hakuanguka papo hapo. Silaha iliyombakia ilikuwa mashine ya kuchapa noti. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa ikitoa chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo wenye maduka waliikataa, nao wakapora mji kama walivyofanya Septemba 1991. Balozi wa Ufaransa aliuawa katika ghasia hizo. Oktoba ilitoka zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Wakasai wakaikataa wakaendelea na zile kuukuu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 10,000. Wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa walimu, kwa mpango uliokubaliwa na maaskofu, na baba yangu aliishi kwa senti za wazazi wa wanafunzi wake. Vikundi vya sala vilivyofutwa mwaka 1971 vilifurika kila mtaa. Sakombi Inongo mwenyewe aliokoka, akawa anasimama mbele ya waumini kutubu mambo aliyomfanyia mkubwa wake.

Oktoba 1996 vita vilianza kwetu Kivu. Mobutu alikuwa Ulaya akitibiwa saratani ya tezi dume. Askari wasiolipwa walikimbia, wakipora njiani. Tarehe 16 Mei 1997 aliondoka Kinshasa, na kesho yake majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yakaingia. Kupitia Gbadolite na Togo alifika Morocco, akafa Rabat Jumapili ya tarehe 7 Septemba 1997, wiki ambayo dunia nzima ilikuwa ikimlilia Princess Diana na Mama Teresa. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya Wakristo.

Mwaka 2009 mahakama ya Uswisi ilikataa kuendelea kuzizuia fedha zake zilizokuwa zimebaki huko, takriban faranga milioni 7.7, kwa kuwa muda wa kisheria wa kufungua mashtaka ulikuwa umepita, nazo zikaachiliwa kwa warithi wake. Deni la nje alilotuachia lilikuwa zaidi ya dola bilioni 10. Liliendelea kuzaa riba, na wafadhili hawakukubali kufuta sehemu kubwa yake hadi Julai 2010.